Wakulima na wafugaji: kila mtu ana tarehe yake

Kiangazi kikikaza tu tunaletewa habari ileile, ng'ombe wameingia shambani, watu wamekatana mapanga, mkuu wa wilaya kafika eneo la tukio, halafu huku mitandaoni tunagawana timu fasta. Mimi ningependa kabla hujachagua timu uulize kitu kimoja, hawa watu kila mmoja stori yake anaianzia lini? Maana ukishajua mtu anaanzia wapi kusimulia umeshajua atamalizia kwa kumlaumu nani.

Mkulima anaanzia jana usiku. Na ana haki jamani, tusimzungushe. Heka mbili za mahindi zimeshatoa mbelewele, kundi limepita saa nane za usiku, asubuhi yamebaki mabua yamelala na samadi mbichi. Hicho ndo chakula cha mwaka, ndo ada, ndo deni la mbegu. Anaenda kwa mtendaji, bwana shamba anakuja kupima kwa hatua, mwenye shamba anasema ni heka mbili zote, mfugaji anasema ni hiyo kona tu, tathmini inaangukia katikati. Kijana aliyekuwa anachunga keshatokomea, na ukifuatilia unaweza kukuta ng'ombe wenyewe si wa baba yake, ni wa bosi mmoja yuko mjini anakula kiyoyozi.

Mfugaji naye hiyo jana usiku haitaki kabisa. Yeye anaanzia miaka 20 au 30 nyuma, hapa palikuwa na njia ya mifugo ya kwenda mtoni, akaja mwenyekiti fulani akagawa mashamba juu ya njia, sa hivi ukitaka kunywesha lazima ukanyage shamba la mtu upende usipende. Ataongeza kwamba kuna watu wanalima palepale njiani kimtego, wanasubiri fidia kuliko mavuno. Hilo la mtego binafsi linanishinda kulimeza, nani avunje mgongo kwa jembe msimu mzima kwa kubahatisha fidia ambayo mara nyingi hata hailipwi? Lakini la njia kuzibwa sio la kupuuza, na uzuri wake linakagulika, unaenda na wazee wa pande zote mbili mnatembea mpaka mtoni mnaona.

Sasa twende Kilosa, wilaya ya mkoa wa Morogoro, kwa sababu ndo kesi ambayo watu wengi wanaijua nusu. Tarehe 8 Desemba 2000 kijiji cha Rudewa Mbuyuni kilivamiwa, wakauawa watu 38 wa upande wa wakulima. Ukianzia hapo uchambuzi unaisha kwa sentensi moja, morani, yaani vijana wapiganaji wa Kimaasai, waliua, na ni kweli, hakuna historia inayofuta hilo. Ila ukiishia hapo huwezi kueleza kwa nini Kilosa na sio wilaya nyingine yenye wakulima na wafugaji walewale. Kilosa imebanwa. Huku Hifadhi ya Mikumi tangu 1964, huku mashamba makubwa ya mkonge ambayo mengine yamebaki pori lenye hati, huku ranchi ya Mkata, na kile kilichobaki ndo wanagombania. Twatwatwa kilitengwa kiwe kijiji cha wafugaji, sawa, lakini kupewa kijiji ni jambo moja na kupata maji na majani ya kiangazi ni jambo jingine, na majani ya kiangazi yako mabondeni, kulekule ambako mkulima naye anapataka.

Na kuna mtu wa tatu ambaye hayumo kwenye stori ya mkulima wala ya mfugaji mpaka uwabane. Watafiti waliokwenda Kilosa baada ya mauaji walikuta pande zote mbili zinalalamikia rushwa za viongozi na vyombo vya dola. Ng'ombe wakikamatwa mfugaji analipa watoke, risiti hakuna, mkulima anasubiri fidia haimfikii. Mwisho wa siku wote wawili wanaacha kwenda ofisini. Mimi nikifuatilia mgogoro wowote hiyo ndo dalili ya kwanza ninayoitafuta, sio matusi wala vitisho, natafuta lini watu waliacha kupeleka kesi. Kijiji chenye kesi nyingi kwa mtendaji mara nyingi kiko salama kuliko kijiji kilichonyamaza ghafla.

Ihefu, ardhi oevu ya bonde la Usangu kule Mbeya, nayo ina funzo lake. Mwaka 2006 mpaka 2007 wafugaji waliondolewa bonde la Usangu, hoja ikiwa mto Ruaha Mkuu unakauka, mabwawa ya umeme ya Mtera na Kidatu hayana maji, nchi ina mgao wa umeme. Baadaye tangazo la serikali (GN) namba 28 la 2008 likapanua Hifadhi ya Ruaha. Ng'ombe walikuwa wengi kweli, sibishi. Lakini mto ulikuwa umeshaanza kukauka kiangazi tangu miaka ya 90, na juu yake kuna skimu za mpunga, Mbarali na Kapunga, pamoja na mifereji kibao ya wakulima wadogo, zote zinakunywa mto huohuo. Mpunga haukuhamishwa, ng'ombe wakahamishwa. Wakaelekezwa Pwani na Lindi, kwa watu wa ufuta na mihogo ambao kundi la ng'ombe mia tatu hawajawahi kuishi nalo. Sasa mama wa Kilwa akikusimulia anaanzia siku ng'ombe walipofika kijijini kwake, Ihefu hajawahi hata kuisikia, na huwezi kumwambia anakosea.

Najua kuna watakaosema huku kurudi nyuma ni kuwatafutia wahalifu kisingizio, leo utasema mwenyekiti, kesho Mjerumani na mkonge wake. Hoja nzito hiyo na siikimbii. Aliyeua ashtakiwe yeye kwa jina lake, aliyelisha shamba la mtu alipe, hayo hayahitaji historia wala semina. Na kwenye kurudi nyuma lazima kuwe na breki. Yangu mimi ni hii, narudi mpaka kwenye uamuzi ambao leo kuna ofisi inaweza kuubadilisha, nikifika hapo nasimama. Mikumi ya 1964 haitafutwa kwa ajili ya malisho, kuirudia kila siku ni kupiga kelele tu. Lakini njia ya mifugo iliyozibwa, kijiji kina mamlaka nayo chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999. Mpango wa matumizi bora ya ardhi uliopitishwa huku wenye ng'ombe hawakuitwa, au waliitwa wakati wako na mifugo mbali, unaweza kurudiwa. Hati ya shamba la mkonge lisilolimwa inaweza kufutwa, na Kilosa yapo mashamba yaliyofutiwa hati.

Yakishafutiwa ndo kazi inaanza, maana foleni ya wanaotaka heka ni ndefu na wengi ni wakulima, na mgao ukipigwa bila kuacha upenyo wa ng'ombe kwenda kunywa basi mkuu wa wilaya ajiandae tu kurudi eneo la tukio.