Vanishi ni ya kabati, si ya mpini

Bakora ya babu ilirudi kutoka kwa fundi iking'aa kama meza ya hoteli. Nilikuwa nimeipeleka karakana moja mjini kwa jambo dogo tu: kofia ya mpira ya chini ilikuwa imelika, nikataka nyingine. Fundi kwa ukarimu wake akaona aniongezee. "Bosi, nimekupigia na klia mikono miwili, poliyurethani, hiyo bure. Maji hayaingii mpaka wajukuu." Klia ni vanishi isiyo na rangi, na poliyurethani ni aina yake moja. Nikashukuru, nikalipia kofia, nikapanda daladala.

Mle ndani, kwenye joto la saa nane mchana, kiganja kikaanza kunata. Nikadhani ni jasho. Nilipofika nyumbani nikakuta alama za vidole vinne zimechapwa juu ya ile klia, kama za mtoto aliyeiba keki. Nikaining'iniza barazani siku tatu. Ikafika wiki. Zikafika mbili. Bado inanata, na sasa imeokota vumbi na nyuzi za shuka. Babu angeniuliza nimeifanyia nini fimbo yake, ningeinama chini.

Ile bakora ni ya mpingo, na shida ilianzia hapo. Poliyurethani ya kopo moja, ile inayozimuliwa kwa tapentaini, haikauki kama kanga kwenye kamba. Tapentaini ikisharuka, mafuta yaliyobaki huvuta oksijeni ya hewani na kugandamana yakawa utando. Sasa mpingo una utomvu wake ndani, na utomvu huo huzuia oksijeni isifanye hiyo kazi. Kwa hiyo utando unabaki mbichi. Ndugu zake wengi mpingo, ile miti ya jamii ya Dalbergia, wana tabia hiyohiyo. Fundi hakunidhulumu. Alifanya kile anachofanya kila siku kwenye milango ya mninga na makabati ya mkongo, na kule kinakubali vizuri sana.

Nasema hivi mapema ili nisieleweke vibaya. Meza yangu ya chakula imepigwa poliyurethani, na chai imemwagika juu yake mara zisizohesabika bila kuacha doa. Ugomvi wangu ni na mazoea ya kuona kila kitu cha mti hakijakamilika mpaka king'ae. Kabati unalitazama, lakini mpini unaushika, tena kwa saa nyingi, kwa mkono wenye jasho.

Chukua jembe. Siku hizi unaweza kununua mpini dukani umeshapigwa vanishi, mwekundu mzuri. Nenda nao shamba. Nusu saa ya kwanza unateleza, kwa sababu jasho halina pa kwenda: utando hauli maji, basi yanabaki kati ya ngozi na mpini. Unakaza mkono ili usiponyoke, na kadiri unavyokaza ndivyo ngozi inavyosuguliwa, na saa nne asubuhi una malengelenge mawili chini ya vidole. Mjomba wangu, ambaye amelima kuliko mimi nilivyoandika, akipewa mpini wa namna hiyo jambo la kwanza ni kuvunja chupa. Anachukua kigae, anaukwangua mpini wote mpaka mti utoke mweupe. Mipini yake mwenyewe huchonga kwa mpera, na haipaki kitu chochote. Mwaka wa pili ukiishika unadhani imepigwa polishi. Ni mikono yake tu hiyo.

Waliozoea pwani wana mfano wa karibu zaidi, mbuzi ya kukunia nazi. Sijawahi kuona mbuzi iliyopigwa vanishi. Lakini itazame ile ya bibi, pale anapokalia na pale anapoishika akitaka kuihamisha: mti umekuwa laini kama sabuni iliyotumika, mweusi kidogo, una mng'ao wa ndani kwa ndani. Miaka ya kanga kusugua juu na mafuta ya nazi kutoka vidoleni. Mchi nao vivyo hivyo, katikati unapokamatwa ni kioo, ncha zote mbili ni mti mtupu. Ukitaka kujua kitu cha mkononi kinahitaji umaliziaji gani, jikoni kwa bibi kuna jibu lenye umri kukuzidi.

Na bao. Niliwahi kucheza kwenye bao jipya lililopigwa vanishi nzito mpaka ndani ya mashimo. Kete zikawa zinaruka, zinagonga kwa sauti ya plastiki, na kila nikizoa moja inabaki chini inateleza. Nilifungwa, bila shaka ningefungwa hata kwenye bao zuri, lakini niacheni nilisingizie vanishi.

Tofauti kubwa kati ya hizi njia mbili, vanishi na mafuta, kwa maoni yangu, ni namna kila moja inavyokufa. Siku ya kwanza poliyurethani inashinda, hilo halina ubishi. Inazuia maji zaidi, inastahimili mikwaruzo zaidi, inapendeza dukani. Lakini ni ngozi iliyokaa juu ya mti. Fimbo ikigongwa kwenye ngazi, ngozi inapasuka tundu dogo. Maji yanapita hapo, yanatambaa chini ya utando, na mti unavimba na kunywea huku utando umekaza tu. Baada ya muda unaona baka jeupe kama ukungu, kisha magamba. Na ukifika kwenye magamba huna kiraka cha kupiga: ukipaka juu, alama ya mpaka inaonekana, na ya zamani inaendelea kubanduka chini ya mpya. Inabidi ukwangue zote uanze upya.

Mafuta yanaingia ndani ya nyuzi za mti. Yanachakaa polepole, sehemu inayoshikwa sana inapauka kwanza, na dawa yake ni kitambaa, kijiko kimoja cha mafuta na dakika kumi za jioni. Mafundi wa majahazi wa pwani yetu wamelijua jambo hili kwa vizazi. Mbao za juu walizipaka sifa, mafuta ya ini la papa, na tumbo la chombo wakalipaka deheni ya shahamu na chokaa. Hawakutarajia mkono mmoja udumu milele. Walijua chombo kitapandishwa pwani, kitapakwa tena, kirudi majini. (Harufu ya sifa ni habari nyingine. Hapo pua ndiyo isiyotoa sifa.) Wachezaji wa kriketi nao bado wanapaka bati zao za mti mafuta mabichi ya mbegu za kitani, na mchezo huo hauna huruma kwa mti.

Basi nikarudi kwenye bakora. Nikafuata njia ya mjomba: kigae cha chupa, kilichoshikwa kwa kitambaa kinene, kikiburutwa kuelekea kwangu kwa kufuata nyuzi za mti. Klia ikatoka kwa vipande vya kunata kama ubani uliotafunwa. Ilinichukua jioni mbili. Kisha msasa namba 180, halafu 320, mpaka mpingo ukaonekana ule weusi wake wenye michirizi ya kahawia.

Hapa nikafanya kosa langu mwenyewe, nisimlaumu fundi peke yake. Nikanunua mafuta ya kitani, dukani wanayaita linsidi, nikayapaka kwa wingi kama nilivyokuwa nikipaka mipini ya miti mingine. Yakanata vilevile! Nilipaswa kulitegemea, maana kitani nacho hukauka kwa kuvuta oksijeni, njia ileile ya poliyurethani, na mpingo haubagui. Watengenezaji wa kilarineti, ala ya muziki ya kupuliza, wa Ulaya, ambao mpingo wa Tanzania na Msumbiji ndio roho ya biashara yao, hawafuniki mti huu kwa tabaka nene la vanishi. Mti wenyewe ni mzito kiasi cha kuzama majini. Hauna nafasi ya kunywa chochote wala haja kubwa ya kukingwa.

Nikayafuta yote kwa tapentaini, nikauacha mti ukauke, nikachukua nta ya nyuki. Vipande vya nta kiasi cha gramu 50, mafuta ya nazi gramu 150, ndani ya kopo lililokaa kwenye sufuria ya maji ya moto. Nta huyeyuka kwenye nyuzi joto kama 63 hivi, kwa hiyo hakuna haja ya kuiweka juu ya moto wenyewe, na msiiweke, maana inashika moto. Ikipoa inakuwa kama mafuta ya kujipaka. Nikasugua kidogo kwa kitambaa cha fulana ya zamani, nikangoja nusu saa, nikafuta yote niliyoweza kufuta, kisha nikaisugua bakora kwa kitambaa kikavu mpaka mkono ukachoka. Haikunata tena. Joto la kiganja likaifanya itoe harufu ya mzinga.

Kwa miti isiyo na utomvu mkaidi, mninga, mpera, mwembe, bado kitani ndicho chaguo langu la kwanza. Lowesha mti kwa maji kwanza ili nyuzi zisimame, ukikauka piga msasa 220, usiende mbali zaidi, mpini laini mno nao unateleza. Paka mafuta, ngoja robo saa, futa yote. Yote. Mafuta yanayobaki juu ndiyo yanayogeuka gundi. Ngoja siku moja au mbili, rudia. Mara tatu zinatosha.

Na yale matambara uliyofutia usiyakunje ukayatupa kwenye ndoo. Kitani kikivuta oksijeni hutoa joto, na joto likinaswa ndani ya tambara lililokunjwa huweza kuwaka lenyewe bila kiberiti. Yatandaze nje moja moja mpaka yakauke magumu, au yazamishe kwenye maji.

Nisiwauzie "asili" kama wauza dawa za mitishamba. Neno hilo limeshakuwa tangazo. Linsidi inayoitwa ya kuchemshwa kwa kawaida imetiwa chumvi za madini ili ikauke haraka, basi usiipake kwenye mwiko wa kusongea ugali eti kwa sababu imetoka kwenye mbegu. Mafuta ya alizeti ya jikoni nayo hayakauki vizuri, yanabaki kati: si maji, si utando, na baada ya miezi michache kijiko kinanuka mafuta yaliyochacha. Mwiko nauchemsha maji mara moja ukiwa mpya, naukausha kivulini, nikijisikia naupaka mafuta ya nazi, basi. Poliyurethani kwenye mwiko sitaki hata kuijadili. Hata kama ikikauka kabisa haina madhara, kitu kinachokwangua sufuria ya moto kila siku kitabandua utando wowote, na mabaki yake yataingia kwenye ugali.

Kwenye vitu vya mkononi, poliyurethani naikubali pachache. Mpini wa mwavuli, unaoloa mara kwa mara na kushikwa dakika kumi tu. Sinia la kupakulia, ambalo kweli unalibeba lakini vikombe ndivyo vinavyoliumiza. Kasia naweza kulikubalia nusu: bapa la chini lipigwe vanishi, pa kushika paachwe mti mtupu, kama wapiga makasia wengi wanavyofanya. Na kama mteja amekataa katakata mafuta, kuna njia ya katikati ninayoipenda kuliko ninavyokiri. Poliyurethani nusu, tapentaini nusu, inapakwa kwa kitambaa na kufutwa palepale kama mafuta. Inaingia ndani badala ya kujenga ngozi juu. Si kwa mpingo, lakini.

Poliyurethani ya makopo mawili, yenye kigumishi, mimi siigusi nyumbani. Kigumishi kina kemikali ziitwazo isosianeti, na hizo zinaweza kusababisha pumu. Vijana wanaipuliza kwenye karakana wakiwa wamejifunga leso puani, leso ambayo haizuii chochote. Kwa ajili ya mpini wa mundu? Hapana.

Mwezi uliopita nilipita tena pale karakana kwa shughuli nyingine, bakora mkononi. Fundi akaitambua. Akaichukua, akaipima uzito, akapitisha kiganja kutoka kichwani mpaka chini, akarudia.

"Hii umeipiga nini?"

"Nta ya nyuki na mafuta ya nazi."

Akaishika kama mzee anayetaka kuondoka, akapiga hatua tatu nayo hadi mlangoni, akarudi hatua tatu. Akaigeuzia kwenye mwanga.

"Mkononi imekaa," akasema. Kisha akatikisa kichwa kwa masikitiko ya kweli. "Ila haing'ai, bosi."