Twita za metali zinaonewa

Wapenzi wa muziki majumbani wanarithishana imani moja: twita (spika ndogo inayotoa sauti nyembamba) ya hariri ni laini masikioni, ya aluminiamu au titani inachoma. Imani hiyo ina chembe ya ukweli, ila metali imebebeshwa mzigo usio wake.

Chembe yenyewe ni hii. Masafa (kasi ya mitetemo ya sauti, inayohesabiwa kwa hezi) yakipanda mno, kuba la metali, ule uso wa twita unaotikisika, huacha kwenda mbele na nyuma kama kitu kimoja, likaanza kujipinda, na kwa kuwa metali haifyonzi mtetemo, hulia kama kengele. Hariri nayo hujipinda, tena mapema zaidi, ila huumeza mtetemo wake kimyakimya.

Sasa, kengele hiyo inalia wapi? Kuba la aluminiamu la milimita 25, likitengenezwa vizuri, hulia kuanzia hezi 25,000 hivi. Sikio zima la kijana linakomea 20,000, na wengi waliofika umri wa makamo hawasikii tena hata 16,000. CD yenyewe haibebi kitu juu ya 22,050. Lawama zote hizi ni kwa mlio ambao mlalamikaji hana sikio la kuusikia! Chini ya hapo, pale muziki ulipo, metali hutembea nzima bila kuyumba, wakati hariri imeshaanza kulegea pembeni.

Kumbuka spika ya Yamaha NS-10 ya mwaka 1978. Ukali wake ulijulikana studio nyingi duniani, hadi mafundi wakawa wanabandika karatasi ya chooni mbele ya twita ili kuupunguza. Twita ile ilikuwa na kuba laini. Kampuni hiyohiyo, mwaka 1974, ilishatoa NS-1000 yenye kuba la berili, metali nyepesi kuliko aluminiamu na ngumu kuishinda kwa mbali, na spika hiyo bado inatafutwa.

Kinachochosha masikio hukaa kati ya hezi 2,000 na 5,000, eneo ambalo sikio ni jepesi kuliko kwingine. Krosova (saketi inayogawa masafa kati ya twita na spika kubwa) ya kapasita moja huiachia twita masafa ya chini isiyoyamudu, nayo inakwaruza, iwe hariri au metali. Ongeza sebule ya vigae, madirisha mapana ya vioo na kuta tupu. Tandika zulia, shusha mapazia mazito, kisha sikiliza wimbo uleule.

Hariri ina haki zake. Ni nafuu kuitengeneza vizuri, wakati aluminiamu ya bei ya chini huanza kulia mapema. Mtoto akiibonyeza kwa kidole, mara nyingi hurudishwa umbo. Ya metali hubaki na kovu, na ya berili ikivunjika vumbi lake ni hatari kwa mapafu. Kwa nyumba yenye watoto na bajeti ndogo, ningechukua hariri. Spika ikikukera kwa ukali, lakini, fungua boksi uikague krosova kabla hujaing'oa twita.