Nondo Atakula Nini Kwangu?

Jumamosi moja asubuhi jumuiya yetu ilisali Magomeni, hapa Bagamoyo, uani kwa mama mmoja anayekaanga samaki. Karai lilikuwa limefunikwa kwa sinia, kuni zimepangwa pembeni zikisubiri jioni, na paka wawili wakizunguka bila heshima yoyote kwa Neno la Mungu. Somo lilikuwa Mathayo 6: msijiwekee hazina duniani, nondo (yule mdudu anayetafuna nguo) na kutu viharibupo, na wevi huvunja na kuiba. Kiongozi akauliza, kama ilivyo ada, ni neno gani limemgusa nani. Kimya. Mwenye nyumba ndiye aliyejibu, mkono mmoja ukifukuza paka: "Mie hapo napita tu, baba. Kwangu nondo atakula nini?"

Tukacheka, kiongozi naye akacheka, tukaingia kwenye maombi. Swali lilibaki pale uani halijajibiwa, na kwangu mimi ndilo lilikuwa mahubiri ya siku ile.

Tukizungumzia utajiri wa roho na mali, huwa tunaviweka vyote viwili kwenye mzani, tunasahau kutazama nani kaushika mzani wenyewe. "Weka hazina mbinguni" ikitoka kwa mwenye nyumba kwenda kwa mpangaji aliyechelewesha kodi ina ladha yake. Mwenye nyumba huyohuyo akijiambia mwenyewe usiku, ladha inabadilika. Katika Luka 12 mfano wa tajiri mpumbavu unatolewa baada ya mtu kuja kulalamikia urithi, na tajiri wa mfano shida yake ni ghala limekuwa dogo. Hapo hakuna utata. Ila tusijidanganye, Mathayo 6 haikusemwa kwa wenye maghala peke yao. Mstari wa 11 wasikilizaji wanafundishwa kuomba riziki ya leo, na wa 25 wanaambiwa wasisumbukie watakula nini. Anayesumbukia chakula cha leo hana ghala. Kwa hiyo mama wa samaki hapiti bure. Nitamrudia.

Anayetaka kuona hazina ya mbinguni iliwagharimu watu nini aende kwenye makaburi ya misheni. Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walifungua misheni hapa mwaka 1868, na wengi hawakukaa sana: homa iliwamaliza. Unasoma tarehe kwenye kaburi, unatoa mwaka wa kuzaliwa kwenye mwaka wa kufa, unapata ishirini na kitu, thelathini na kitu. Waliweka nadhiri ya ufukara, wakaja kwenye mji ambao wengine waliushukia kwa ajili ya pembe za ndovu na watu wa kuuza. Upande wa roho hauhitaji shahidi mzito zaidi ya hao.

Lakini misheni hiyohiyo iliendeshwa kwa fedha. Watumwa wengi wa mwanzo walioletwa kwake, hasa watoto, walinunuliwa Zanzibar kabla soko lao halijafungwa mwaka 1873, kwa michango ya waamini wa Ulaya, mingine kupitia Shirika la Utoto Mtakatifu. Kiswahili kinalijua jambo hili kuliko tunavyodhani. Kukomboa ni neno la rehani na deni, na bado tunalitumia hivyo: unakomboa shamba, unakomboa cheni ya dhahabu. Mtoto aliyeletwa Bagamoyo alikombolewa kwa maana hiyo kwanza, ile ya Ijumaa Kuu ikafuata. Kumwambia mtoto huyo kwamba fedha si kitu kungekuwa mzaha. Na baada ya kukombolewa alipewa jembe. Mashamba ya misheni yalilimwa na hao hao waliokombolewa, kwa kengele na ratiba ya mapadre, na wapo waliotoroka. Siyasemi haya kuwavunjia heshima waliolala makaburini. Nasema tu kwamba hata penye nadhiri ya ufukara, suala la nani analima na nani anashika daftari lilikuwepo.

Siku hizi swali la yule mama lina jibu jingine, la wahubiri wa mafanikio, lenye spika mbili na jenereta. Sisi wa Bagamoyo chumvi tunaifahamu, mashamba yake yako hapo Nunge, na kwa bei haimtishi mtu. Ikitiwa kwenye kimfuko na kuombewa inakuwa chumvi ya upako, na hapo hainunuliwi tena: "unapanda mbegu", yaani unatoa sadaka ukingoja baraka. Nimekiona kimfuko cha namna hiyo kabatini kwa jirani, kimewekwa pamoja na kadi ya kliniki ya mtoto. Ni rahisi kuwacheka wanaokwenda huko, nami nimewacheka sana tu. Ila mhubiri wa mafanikio, pamoja na yote ninayomlaumu, amelisikia swali la mama wa samaki. Anamwambia njaa yako Mungu anaijua na hapendezwi nayo. Sisi tulicheka, tukaendelea na maombi. Kosa lake liko mbele kidogo, anapoigeuza njaa hiyo kuwa mtaji wake, na mbegu isipoota anamwambia mama imani yake ndiyo ndogo.

Makanisa ya zamani nayo yasijitoe. Kila msimu wa michango tunasomewa habari za mjane na senti zake mbili, Marko 12 kuanzia mstari wa 41. Rudi nyuma mstari mmoja tu. Wa 40 unawakemea walimu wa sheria wanaokula nyumba za wajane. Nikiisoma mistari hiyo pamoja namwona Yesu akiusifu moyo wa yule mama, na papo hapo akiuliza nyumba yake imekwenda wapi. Wapo watakaosema nayavuta maandiko. Sawa, lakini waanzie basi mstari wa 40 Jumapili moja, tuone mavuno yatakuwaje.

Watawa wanaposema ufukara wanamaanisha kitu kinachochaguliwa. Umaskini unakukuta. Mahubiri mengi yanachanganya hivi viwili. Waraka wa kwanza kwa Timotheo, sura ya 6, unasema utauwa pamoja na kuridhika ni faida kubwa, na hili naliamini. Sura moja kabla, mstari wa 8, waraka huohuo unasema asiyewatunza walio wake ameikana imani. Baba aliyeridhika huku watoto wake wamerudishwa kutoka shule kwa sababu ya mchango wa chakula, mimi siiti hiyo kuridhika.

Na wenye mali je? Hapa namkumbuka Sewa Haji, ambaye hata Mkristo hakuwa. Alikuwa Mwismailia, tajiri wa misafara hapa Bagamoyo, aliyefariki mwaka 1897. Fedha alizotoa zilijenga hospitali Dar es Salaam, na jina lake bado liko kwenye wodi za Muhimbili. Utajiri wa misafara ile ulitokana na pembe za ndovu na mabega ya wapagazi, hatuwezi kuusafisha kwa sifa. Lakini mgonjwa aliyelazwa Sewa Haji leo halali kwenye nia njema, analala kwenye kitanda. Upande wa roho ukisahau kitanda, nauona umekosa.

Sasa mama wa samaki. Mwaka jana alichukua mkopo wa kausha damu, marejesho kila siku, siku ya mvua na siku ya bahari chafu. Alituambia baadaye kwamba usiku alikuwa akishika rozari, na kila punje badala ya Salamu Maria ikimjia hesabu ya marejesho. Nondo kweli hakuwa na cha kula kwake. Moyo ndio ulikuwa unaliwa. Hazina yako ilipo ndipo utakapokuwapo na moyo wako, anasema Yesu, na deni nalo, naongeza mimi, ni hazina ya mtu mwingine iliyohamia moyoni mwako bila kulipa pango. Kwa hiyo "msisumbuke" ilikuwa habari yake kabisa. Ilichokosa ni mtu wa kuileta pamoja na fedha ya kumalizia deni.

Fedha ilitoka kwenye kikoba cha kinamama wa jumuiya. Asubuhi ile, Amina ya mwisho ilipoitikiwa, wanaume tulianza kuaga, na kinamama wakasogeza mkeka. Sanduku la bati likatoka chumbani, kufuli tatu, funguo kwa watu watatu. Hisa kwanza, kisha mfuko wa jamii, maana mwenzao mmoja alikuwa amelazwa. Ufunguo wa tatu ulikuwa umefungwa kwenye pindo la khanga ya mwenye nyumba, na fundo lilikuwa gumu. Akalifungua kwa meno.

"Jamani tufanye haraka," akasema, "mnada wa samaki haunisubiri."