Ubongo mpya kwa mashine kongwe: LinuxCNC haijatendewa haki

Mashine ya CNC, yaani ya kuchonga chuma kwa kuongozwa na kompyuta, iliyoundwa miaka ya 1980 haizeeki yote kwa pamoja. Mwili wake wa chuma cha kusubu bado unaweza kufanya kazi miaka mingine thelathini, na skrubu za gololi zinazosogeza meza, zikiwa zilipakwa mafuta inavyotakiwa, huwa bado zinakaza vizuri. Kinachotangulia kufa ni kabati la umeme: bodi ambazo hazitengenezwi tena, betri iliyokwisha ikaondoka na kumbukumbu zote, skrini iliyofifia hadi tarakimu hazisomeki. Mwenye mashine anabaki na tani mbili za chuma kizima kisichojua kwenda kushoto wala kulia.

Ndipo linapokuja swali la programu ya kuiongoza upya. Majina mawili ndiyo husikika zaidi: Mach, yaani Mach3 na mdogo wake Mach4, inayokaa kwenye Windows, na LinuxCNC, ambayo ni ya bure na msimbo wake uko wazi kwa kila mtu. Mafundi wengi wana jibu tayari: chukua Mach kama unataka kufanya kazi, chukua LinuxCNC kama unataka kushinda unachezea kompyuta. Nimelisikia jibu hilo mara nyingi mno, na naamini limewagharimu watu mashine nzuri.

Kwanza Mach ipewe haki yake. Inafunguka kwenye kompyuta ambayo kila mtu ameizoea. Mota zinapangwa kwa kujaza visanduku: hatua ngapi kwa milimita, kasi kiasi gani, uharakishaji kiasi gani. Fundi mwenye mashine ndogo ya mota za hatua, zinazozunguka kihatua kimoja kwa kila mpigo wa umeme, anaweza kuanza asubuhi na jioni akawa anakata. Watumiaji wake ni wengi, na swali unaloulizia leo kuna mtu aliwahi kulijibu. Karakana yenye vijana watatu wanaopokezana zamu, ambao wote wamekulia kwenye Windows, inapata faida ya kweli hapo, na kuidharau faida hiyo ni ujuaji.

Lakini tupige hesabu moja, maana ndiyo inayonifanya niandike. Chukua skrubu ya gololi inayosogeza meza milimita 5 kwa kila mzunguko, na mota ya servo, ambayo mwendo wake husahihishwa kwa kupimwa, yenye enkoda (kihisi cha kuhesabu mzunguko) ya mistari 2,500. Enkoda hiyo husomwa mara nne kwa kila mstari, kwa hiyo mzunguko mmoja ni hesabu 10,000, na milimita moja ni hesabu 2,000. Sasa taka meza iende mita 10 kwa dakika, kasi ambayo mashine nyingi za viwandani za enzi hizo ziliimudu. Hiyo ni milimita 167 kwa sekunde, sawa na hesabu 333,000 na ushei kila sekunde. Mach3 ikitumia mlango wa zamani wa printa, kwa mpangilio wake wa kawaida inatoa mipigo 25,000 kwa sekunde. Kama kila mpigo ni hesabu moja, meza itakwenda milimita 12.5 kwa sekunde, sawa na sentimita 75 kwa dakika. Mashine iliyokuwa inakimbia inatembea kwa magongo.

Unaweza kuongeza mipigo, na unaweza kuiambia dreva ya servo, yaani kifaa kinachoipa mota umeme, ihesabu mpigo mmoja kama hesabu kumi. Ukifanya hivyo, umeinunua kasi kwa kutoa usahihi wa enkoda yako mwenyewe. Tena mlango wa printa wa Mach3 hufanya kazi kwenye Windows ya biti 32 tu, kwa hiyo unafunga mashine yako kwenye kompyuta ambayo nayo ni kongwe. Dawa ni kadi ya nje ya kutoa mipigo, na watu wengi hufika huko. Haki inanilazimu kusema kwamba LinuxCNC nayo, ikitumia mlango huohuo wa printa, inagonga ukuta wa aina hiyohiyo. Nayo inahitaji kadi, kwa kawaida za kampuni ya Mesa. Kwa hiyo tuziweke zote mbili zikiwa na kadi. Hapo ndipo tofauti yenyewe inapojitokeza.

Mach huipa kadi mafungu ya mwendo, kadi inayatekeleza. Programu imetuma, inaamini kwamba imefika. Mota za hatua hazina tatizo na mpango huo ilimradi hazirushi hatua, na dreva za kisasa za servo hufunga mzunguko wa mrejesho zenyewe, yaani husoma enkoda na kusahihisha mwendo bila kungoja programu. Ila mashine kongwe ya kiwandani haikujengwa hivyo. Dreva zake hazijui mipigo. Zinataka volti kati ya hasi 10 na chanya 10, volti nyingi kasi nyingi, na kazi ya kusoma enkoda ilikuwa ya ile kompyuta iliyokufa. Zipo kadi za nje zinazoipa Mach uwezo huo, lakini hapo mzunguko unafungwa ndani ya kadi, na programu inasikia kile tu ambacho mtengenezaji wa kadi ameamua kuiambia. Ndiyo maana wengi hushauriwa kung'oa mota na dreva zote na kununua mpya. Servo nzima, nzito, zilizochaguliwa na wahandisi walioijenga mashine, zinakwenda kwenye chuma chakavu kwa sababu programu haikuzungumza lugha yao.

LinuxCNC inaizungumza. Mara elfu moja kwa sekunde inasoma enkoda, inalinganisha mahali meza ilipo na mahali inapotakiwa kuwa, inapeleka volti ya kusahihisha. Kwa ile kasi ya mita 10 kwa dakika, meza husogea milimita 0.17 tu kati ya ukaguzi mmoja na mwingine. Ukiiwekea mpaka kwamba meza isiachwe nyuma zaidi ya, tuseme, nusu milimita, kikatio kikikwama kwenye chuma inasimama na kukuambia ni mhimili upi.

Hakuna ajabu katika hilo ukijua ilikotoka. Ilizaliwa kwa jina la EMC katika NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, miaka ya 1990, na majaribio yake ya awali yalifanyika kwenye mashine kubwa katika kiwanda cha General Motors. Wanaoiita kitu cha wapenda kompyuta wamegeuza historia juu chini.

Ugumu wake je? Upo. Nyaya zote za ndani za LinuxCNC huandikwa kwenye mafaili yanayoitwa HAL, mstari kwa mstari: alama hii inatoka kwenye swichi ile, inaingia kwenye kazi hii. Herufi moja ikikosewa, programu haifunguki. Lakini tazama mashine yenyewe. Spindeli, yaani mhimili unaozungusha kikatio, ina gia mbili, na haitakiwi kuzunguka mpaka kihisi kithibitishe gia imeingia. Gurudumu la vikatio lina pini ya kufungia, na mkono wa kubadilisha kikatio haupaswi kusogea kabla pini haijakaa. Masharti hayo yapo, upende usipende. Kwenye Mach3 utayaandika kwa makro, yaani programu fupi, za lugha ya Basic, kwenye Mach4 kwa lugha ya Lua. Kwenye LinuxCNC utayaandika kwa HAL au kwa michoro ya ngazi ileile ambayo fundi umeme wa kiwandani ameisoma maisha yake yote, na yataendeshwa kwa muda unaotabirika. Na spindeli ikiwa na enkoda, LinuxCNC inaifunga na mhimili wa Z (unaoingiza kikatio) ili kukata uzi ndani ya tundu bila kishikio cha kunyumbulika. Ugumu wa mafaili hayo, kwa sehemu kubwa, ni ugumu wa mashine ulioandikwa mahali unapoonekana.

Hatari moja ni ya kweli na sitaipunguza. Siku ya kwanza ya kuwasha, alama ya mrejesho ikiwa imegeuzwa, servo inaposogezwa kidogo kwenda kulia inasoma kwamba iko kushoto, inaongeza volti, inasoma kushoto zaidi. Meza inaondoka kwa kasi yake yote. Kwa hiyo mkanda wa mota unavuliwa kwanza, volti zinawekewa kikomo kidogo, na unazungusha mota kwa mkono ukitazama tarakimu kwenye skrini: ukizungusha upande wa chanya, namba ipande. Kitufe cha dharura kikate umeme wa dreva kwa waya wake chenyewe, kisingoje ruhusa ya programu yoyote. Asiye na subira ya siku mbili za kazi hiyo asiiguse njia hii. Kwake dreva mpya na Mach ni salama zaidi, na simlaumu.

Kompyuta nayo isichaguliwe kwa macho. LinuxCNC ina kipimo cha ucheleweshaji. Kiachwe kikiendelea saa kadhaa huku ukifungua madirisha, ukinakili mafaili, ukichezesha video. Kompyuta ya ofisini ya bei ndogo mara nyingi hufaulu pale ambapo kompyuta mpakato mpya yenye mbwembwe inashindwa. Ukiwa na kadi ya Mesa, kuchelewa hata mikrosekunde mia moja kunavumilika; kwa mlango wa printa, ikizidi ishirini au thelathini kasi ya mipigo inaanza kupungua.

Basi mashine ndogo yenye mota za hatua, mihimili mitatu, hakuna cha kubadilisha vikatio: weka Mach, au hata GRBL, programu ndogo ya bure ya mashine kama hizo, ukafanye kazi. Lakini kabla hujaikata nyaya mashine ya kiwandani yenye servo zake za asili, chukua mita, pima dreva zinaitikia volti ngapi, na zungusha kila mota kwa mkono uone kama enkoda bado inahesabu. Zikiitikia, nusu ya kazi yako ilikwisha kufanywa zamani na watu walioijua mashine hiyo kuliko sisi.