Binti Anasema Ameitwa: Nani wa Kuthibitisha Wito?

Mwezi wa tatu mwaka huu muuguzi mmoja wa usharika wetu alimpelekea mchungaji barua. Ana miaka 27, ana ajira, ni mzaliwa wa kwanza, na wadogo zake wawili wanasoma kwa mshahara wake. Aliandika kwamba kwa miaka miwili, kila akipiga magoti, nchi ya Chad haimtoki moyoni, na anaamini Mungu anamwita akatumike huko kama mmisionari. Barua ikasomwa kwenye baraza la wazee, nami nikiwemo. Mzee mmoja akasema, "Kama Mungu amemwita, sisi ni nani tumzuie?" Mwenzake akajibu, "Kama Mungu amemwita, mbona sisi tuliomlea hatujasikia kitu?" Kikao kilianza saa tisa alasiri, na jua lilizama hatujapata jibu.

Tangu siku ile nimekuwa nikiyarudia maneno ya wazee wale wawili, kwa sababu kila mmoja alikuwa amesimama juu ya Maandiko.

Wa kwanza ana Isaya upande wake. Nabii aliposikia sauti ikiuliza nani atakwenda, hakuomba ruhusa ya ukoo wala ya makuhani, alisema, "Mimi hapa, nitume mimi." Ana Paulo pia, anayewaambia Wagalatia kwamba baada ya kufunuliwa Mwana wa Mungu hakufanya shauri na watu wenye mwili na damu. Na historia ya umisionari inampa shahidi mzito, Gladys Aylward, mtumishi wa ndani kutoka London. Shirika la China Inland Mission lilimpokea kwa mafunzo ya muda mfupi, kisha likamkataa kwa kuona kwamba hataweza kujifunza Kichina. Akadunduliza mshahara wake, akanunua tiketi ya treni ya kwenda tu, akavuka Urusi mpaka China. Lugha waliyosema haiwezi akaizungumza kama mwenyeji, mwaka 1936 akachukua uraia wa China, na mwaka 1940, vita vya Japani vilipopamba moto, akawavusha milimani watoto wapatao 100 mpaka mahali pa usalama. Kamati iliyomkataa haikuwa na nia mbaya. Ilimpima kwa kipimo ilichokuwa nacho, na kipimo kilikuwa kifupi.

Mfano huu unanitia hofu ya haki, maana nami nimo kwenye baraza. Hata hivyo kuna jambo ambalo wanaousimulia mara nyingi hulipita. Aylward hakuenda China kumtafuta mtu wa kumpokea. Mmisionari mzee, Jeannie Lawson, alikuwa Yangcheng tayari, na alihitaji kijana wa kumsaidia na baadaye kuiendeleza kazi. Hata huyu tunayemsifu kwa kwenda bila kutumwa alikuwa na mtu anayemngoja upande wa pili.

Mzee wa pili naye anasimama Antiokia. Katika Matendo 13 Roho Mtakatifu anasema, "Nitengieni Barnaba na Sauli kwa kazi ile niliyowaitia." Tazama anaambiwa nani. Sauli, ndiye Paulo, alikuwa ameitwa miaka mingi nyuma, kwenye njia ya Dameski. Alirudi Tarso, akakaa. Barnaba akamfuata huko, akamleta Antiokia, wakafundisha mwaka mzima. Ndipo, katika ibada na kufunga, kanisa nalo likaambiwa kile alichokuwa amekibeba moyoni, likawawekea mikono. Kwa hiyo Paulo yule yule asiyefanya shauri na mwili na damu ndiye aliyengoja mpaka ndugu zake wakasikia. Sioni hapa mgongano. Wito ulikuwa wake tangu Dameski. Kutumwa kulikuwa kwa kanisa, na kulikuja kwa wakati wake.

Hapa ndipo ninapoegemea, na sababu yangu kubwa ina jina: Dorothy Carey. Mume wake, William, anaheshimiwa kote ulimwenguni kama baba wa umisionari wa kisasa. Mwaka 1793 alipoamua kwenda India, Dorothy alikataa. Alikuwa na watoto wadogo na alikuwa mjamzito, hakuwahi kuishi mbali na kwao, wala hakuwa amesikia sauti yoyote. William akaondoka nyumbani na mwana wao mkubwa, Felix. Safari ikachelewa, akarudi kumsihi tena. Mtoto alikuwa ameshazaliwa, na Dorothy akakubali kwa sharti moja, dada yake aende naye. Mwaka uliofuata, huko Bengali, mwana wao Peter akafa akiwa na miaka mitano. Akili ya Dorothy ikavurugika, na haikurudi mpaka alipofariki mwaka 1807. Katika miaka hiyo hiyo, nyumba hiyo hiyo, mumewe alikuwa akitafsiri Biblia kwa Kibengali na kupinga desturi ya kuwachoma wajane pamoja na maiti za waume zao, desturi iliyopigwa marufuku mwaka 1829.

Matunda ya William siwezi kuyakana. Lakini siwezi pia kumpita Dorothy kama kwamba alikuwa gharama ya safari. Mtu mmoja alisikia, na mwingine akalazimika kuubeba wito usio wake. Laiti waliomtuma William wangekaa na mkewe na kumwuliza, wakasikiliza jibu lake bila haraka, pengine safari ingechelewa miaka kadhaa. India ingekuwepo.

Kwetu huku suala hili huwaangukia zaidi wazazi. Binti yetu hana mume, ana mama. Wanaomtetea wananukuu Luka 9: "Waache wafu wawazike wafu wao, bali wewe enenda ukautangaze ufalme wa Mungu." Neno hilo ni gumu na sitalilainisha, maana limewatoa watu kwenye starehe na visingizio kwa karne ishirini. Lakini Yesu huyo huyo, katika Marko 7, anawakemea watu waliowaambia wazazi wao kwamba msaada waliostahili kupewa sasa ni Korbani, wakfu kwa Mungu, wakaona wamemaliza. Kwa hiyo nikisikia kijana anasema "nimemwachia Mungu familia yangu", nataka kujua ada ya wadogo zake italipwa na nani kuanzia Januari. Kama jibu lipo, hata kama ni kanisa litakalochukua sehemu ya mzigo, ameacha vyote kwa imani. Kama halipo, Korbani imerudi kwa sura mpya.

Kuna jaribio lingine, nalitaja kwa upole. Neno ng'ambo lina mvuto wake kwetu, na wapo wanaosikia wito wa Uingereza au Marekani ambao hawajawahi kusikia wito wa wilaya ya jirani. Siwahukumu wote, Ulaya ina makanisa yanayofungwa, nayo inahitaji Injili. Ila mwenye kujichunguza ajiulize kama angeenda endapo Mungu angeibadilisha nchi na kumwacha na kazi ile ile. Muuguzi wetu anataja Chad, anakopaswa kujifunza Kifaransa na Kiarabu, wala hakuna anayemwonea wivu. Hilo halithibitishi wito, lakini linaondoa shaka moja.

Ndugu zetu Wakatoliki wamelishughulikia jambo hili kwa kutoa muda. Anayetaka kujiunga na shirika la Wamisionari wa Afrika hapewi jibu kwa ushuhuda wa Jumapili moja. Anapita miaka ya masomo na unovisi, yaani kipindi cha malezi na majaribio, anapelekwa kuishi jumuiyani katika nchi isiyo yake, na baadaye ndipo anakula kiapo cha maisha. Katika miaka hiyo anayeweza kukataa si shirika peke yake. Kijana mwenyewe anaweza kugundua kwamba alikuwa amependa habari za umisionari kuliko umisionari. Sisi Waprotestanti tungeiga subira hiyo bila kupoteza chochote.

Ila hata muda hauwezi kumaliza swali, na Apolo Kivebulaya ananikumbusha hilo. Alikuwa Mganda, akabatizwa mwaka 1895, akaenda Toro, na mwaka 1896 akavuka kwenda Mboga, ambayo leo iko Kongo. Chifu Tabaro aliamuru apigwe. Baadaye dada wa chifu alipoteza maisha kwa ajali ya mkuki, Apolo akasingiziwa mauaji, akafungwa Toro. Alisimulia kwamba akiwa katika dhiki yake alimwona Kristo akimtia moyo. Alipoachiwa akarudi Mboga ile ile, na Tabaro yule yule akaja kubatizwa. Apolo akafa huko mwaka 1933, akiwa ameagiza kichwa chake kielekezwe magharibi, kwenye msitu, kinyume na desturi. Wito wake ulidhihirika aliporudi mahali palipomwumiza, na kurudi hakuwezi kupimwa kabla mtu hajaenda. Baraza linaweza kumwandaa kijana na kumwombea. Kinachobaki ni imani, yake na yetu.

Na ni imani yetu ndiyo inayonisumbua. Nimeona makanisa yakitumia maneno "tungoje uthibitisho" kwa sababu uthibitisho una bei. Ukishamwekea mtu mikono unawajibika kwa tiketi yake, bima yake, na likizo yake akirudi amechoka. Ni nafuu kusema Mungu hajasema nasi. Tunasahau kwamba sisi wenyewe tulifikiwa na watoto wa watu. Mmisionari Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844 na mkewe Rosine, na Julai mwaka huo huo akamzika, yeye na binti yao mchanga. Rosine naye alikuwa na mama mahali fulani. Tunamshukuru Mungu kwa waliotumwa kwetu. Ikifika zamu ya binti wa jirani, tunataka ishara kutoka mbinguni.

Katika kikao cha pili tulifanya kile ambacho tungepaswa kuanza nacho: tulimwalika mama yake. Alikuja na kitenge chake cha Umoja wa Wanawake, akatusikiliza mpaka mwisho. Hakutuuliza habari za maono wala za Antiokia. Alisema binti yake amemweleza, wameomba pamoja, na yeye hamzuii. Kisha akauliza, "Akiugua huko, nani kati yenu atanipigia simu?"

Wazee wote wawili walinyamaza. Mchungaji akaandika swali hilo kwenye kitabu cha kumbukumbu, chini ya ajenda ya kwanza ya kikao kijacho, na binti ameanza masomo ya Kifaransa kila Jumamosi.