Sharubu Moja la Muungwana wa Kraków

Mteja aliingia karakana yetu ya kukarabati picha za kale, Kraków, amekumbatia picha iliyofungwa kwa shuka. Alipoifungua niliuma mdomo nisicheke. Muungwana wa Kipolandi wa karne ya 19, koti jeusi, tai ya hariri, kifua mbele, na sharubu moja tu, la kulia.

"Bwana fundi," akasema, "nilimwosha babu kwa kiazi."

Kiazi kibichi kilichokatwa katikati kinatoa uchafu kwenye rangi ya mafuta, si uongo. Ila maji yake hupenya kwenye nyufa, gundi ya ngozi iliyopakwa kwenye turubai ikavimba, rangi ikabanduka. Wanga unaobaki nao ni karamu ya kuvu.

Lakini lile sharubu lilinitia shaka. Rangi ya mafuta iliyokauka zaidi ya miaka 100 huweza kubanduka vipande, lakini haifutiki kwa kiazi. Nikazima taa, nikawasha ya urujuanimno. Vanishi ya utomvu iling'aa kijanikijani picha nzima, sharubu likabaki doa jeusi. Basi limepakwa baadaye, juu ya vanishi. Nikaviringisha pamba kwenye kijiti, nikailowesha mate (ndiyo, mate: vimeng'enya vyake hulainisha uchafu, na katika kazi hii hakuna anayeona haya), nikaibingirisha polepole ukingoni bila kusugua. Ikatoka ya kahawia. Ilikuwa rangi ya maji tu! Chini yake, mdomo wa kijana asiye na hata unywele.

"Kwa hiyo babu hakuwa na masharubu?"

"Alipochorwa, hakuwa nayo." Nikamweleza kwamba mabwana wa kale wa Poland walijulikana kwa masharubu. Huenda mjukuu mmoja aliona babu mwenye kidevu na mdomo mtupu anaaibisha ukoo.

Akashika ya kwake, yaliyosokotwa ncha hadi mashavuni. "Wanaume wote kwetu tunayafuga kwa ajili yake!"

Njia zilikuwa mbili: kumnyoa lililobaki, au kuchora la kushoto kwa rangi inayofutika, juu ya vanishi mpya. Akampigia mama yake. Mama akaamuru asiguswe mpaka ukoo ukutane Krismasi.

Tukagandisha rangi iliyobanduka kwa gundi ya samaki na pasi ya uvuguvugu, kisha nikajaza fomu ya mapokezi. Kabari za fremu ya turubai: 8. Matundu: hakuna. Masharubu: 1, linasubiri kikao.