Nairobi hadi New York: Tuulize Saa, Si Kilomita

Ukipima umbali wa Nairobi na New York mtandaoni, utapewa kilomita 11,800 na ushei, kisha makisio ya saa 13 hivi angani. Umbali umegawanywa tu kwa mwendo wa ndege. Hesabu hiyo naipinga, kwa sababu wapo wanaoitegemea kuwakatia wazazi wao tiketi.

Safari ya moja kwa moja, iliyoanzishwa na Kenya Airways tarehe 28 Oktoba 2018 kwa Boeing 787, huchukua kama saa 15 kwenda na 14 kurudi. Juu ya Atlantiki kuna upepo mkali unaovuma kutoka magharibi kwenda mashariki: anayekwenda Marekani anakabiliana nao, anayerudi nyumbani anasukumwa nao. Jibu moja kwa pande zote mbili haliwezi kuwa sahihi.

Na Nairobi yenyewe ina mambo yake. Uwanja wa Jomo Kenyatta uko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huko ni nyepesi, kwa hiyo injini hazipati nguvu zake zote na mabawa hayanyanyui kama yangenyanyua Mombasa. Ndege iliyobeba mafuta ya saa 15 lazima ichunge uzito wake. Ubaridi wa usiku husaidia, maana hewa baridi ni nzito zaidi.

Lakini kinachowaumiza wasafiri zaidi ni vituo vya njiani. Kupitia Amsterdam kunaongeza kama kilomita 700 tu. Kupitia Doha jumla inapita kilomita 14,000, maana unaanza kwa kwenda kaskazini mashariki, ilhali New York iko kaskazini magharibi. Juu ya hapo kuna saa za kusubiri, na hizo hazimo katika kilomita zozote. Tiketi nafuu inaweza kumkesheza mama mwenye magoti mabovu kwenye kiti cha uwanja wa ndege, kisha atafute geti peke yake kwa lugha asiyoijua. Kijana atavumilia. Kwa mzee, mimi ningelipa zaidi apande ndege moja, mradi mtu amkumbushe kuinuka na kunyoosha miguu (saa 15 za kukaa nazo si mchezo).

Saa zilizoandikwa kwenye tiketi pia zinapotosha. New York iko nyuma ya Nairobi kwa saa 7 majira ya joto, 8 majira ya baridi. Ndege ikiondoka saa tano usiku hutua huko mnamo saa kumi na mbili au saa moja asubuhi, na asiyejua atadhani mama amesafiri usiku mmoja mfupi.

Wakala akikutajia bei, mwombe akutajie pia jumla ya saa tangu kupaa Nairobi hadi kutua JFK, uwanja wa ndege wa New York, na ngapi kati yake ni za kusubiri. Anazo mbele yake kwenye kompyuta.